Mashine ya kufyekea njia ya gari na kiwanja: ipi inafaa Malindi?

Msomaji wetu wa Msabaha, Malindi, anauliza: "Nina nusu ekari. Kutoka geti hadi barazani kuna njia ya gari ya mita 60 hivi, changarawe na mawe ya matumbawe. Masika yakipiga, mwezi haufiki nyasi ziko kiunoni. Nimechoka kulipa vibarua wa slasha. Dukani naambiwa nichukue ya cc 52, ndiyo yenye nguvu. Jirani ananishauri ile ya magurudumu. Kaka yangu yuko Marekani, ataka kuniletea ya betri akija Disemba. Mtumiaji ni kijana anayenisaidia kazi, na siku nyingine mimi mwenyewe. Nichukue ipi?"

Dada yangu, muuzaji amekuanzishia hesabu kutoka mwisho. Cc, yaani ukubwa wa injini, huja baada ya kujua mambo mawili: ardhi yako ina nini, na ni nani atakayeitia mashine mafuta. Kwa ulivyoeleza, inayokufaa ni ya kuvaa begani, injini ya stroki nne ya cc 35 hivi, bomba lililonyooka, na mikono miwili kama usukani wa baiskeli. Fedha zisipofika hapo, chukua ya stroki mbili ya cc 43. Cc 52 mwachie mwenye ekari tatu za vichaka.

Nizimalize kwanza zile mbili ulizopendekezewa, kwa kuwa hazina maneno mengi.

Ya magurudumu ilitengenezewa bustani tambarare, nyasi fupi, ardhi laini, kama zile za mahoteli ya Casuarina. Kisu chake kimefungwa moja kwa moja kwenye krenki ya injini. Kikigonga jiwe la matumbawe lililojificha nyasini, pigo lote hurudi kwenye krenki. Ukiwa na bahati, kinachokatika ni kile kichuma kidogo kinachoishika flaiwili, gurudumu zito la injini, mahali pake. Cheche huanza kupiga wakati usio wake na injini haiwaki tena mpaka kibadilishwe. Ukikosa bahati, krenki yenyewe hupinda, na bei ya kuinyoosha au kuibadilisha hukufanya ujute. Tena nyasi za kiunoni hazikatwi na mashine hii. Huzilaza, halafu hukabwa nazo.

Ya betri ina heri zake: kimya, haina kuchanganya mafuta, huwaka kwa kubonyeza tu. Lakini piga hesabu. Betri zinazouzwa kwa jina la volti 40 huwa volti 36 zikiwa kazini. Ya ampea-saa 4 inabeba wati-saa 144. Mashine inayokata nyasi nzito hula wati 400 hadi 500, kwa hiyo unapata dakika 20 hivi kwa chaji moja. Njia ya gari yenye nyasi fupi utaimaliza. Nusu ekari ya mwezi wa Mei, hapana. Halafu kuna chaja. Za Marekani nyingi ni za volti 120, na stima yetu ni 240: ukiichomeka bila kusoma, inaungua hapo hapo. Lazima iwe imeandikwa 100–240V. Na kaka yako ajue kwamba betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 100 haipandi ndege ya abiria bila idhini ya shirika, ikizidi 160 hairuhusiwi kabisa, na betri ya akiba hukaa kwenye mkoba wa mkononi, si sandukuni. Akitaka kukufaa, mwambie alete kinga nzuri ya uso, vizibo vya masikio na bunda la uzi wa nailoni wa kiwango. Hivyo ndivyo tunavyouziwa vibovu huku.

Sasa turudi kwenye ardhi yako.

Kwenye ardhi kama yako, jembe likizama kidogo tu hugonga matumbawe. Mawe haya yana ncha, hayasogei, na nyasi huota katikati yake. Juu yake kuna makuti yaliyoanguka, makumbi, vifuu, na kwa kawaida vipande vya waya wa ua wa zamani. Kwa sababu hiyo kifaa cha kukatia kinakuhusu kuliko injini, na utahitaji viwili.

Cha kwanza ni kichwa cha uzi. Hiki ndicho cha njia ya gari, kando ya kuta, na kuzunguka miti. Uzi ukigonga jiwe hukatika au hulika. Kisu kikigonga jiwe hurusha kipande cha chuma au cha jiwe. Kwa injini ya cc 35 hadi 43 nunua uzi wa milimita 3.0, wa mviringo. Ule wa pembe nne au wa nyota hukata vizuri zaidi, lakini kwenye matumbawe pembe zake hulika haraka mno. Milimita 2.4 waachie wenye injini ndogo za cc 25. Usidanganywe pia kutia uzi mnene kuliko kichwa kinavyoandikwa: injini hulemewa na klachi huteleza.

Vichwa vya uzi viko vya aina mbili. Kuna kile kinachogongwa chini ili kitoe uzi wenyewe, na kuna kile unachochomeka vipande vilivyokatwa. Cha kugonga ni rahisi kwenye nyasi za kawaida, lakini kwenye changarawe kitako chake cha plastiki hulika, halafu siku moja kifuniko kinafunguka na springi inaruka kusikojulikana. Kwa zile mita 60 za changarawe, cha kuchomeka vipande ndicho kinachodumu. Ni kazi zaidi kidogo, basi.

Ukitumia cha kugonga, ukijaze hivi: kata mita 3 hadi 4, ukunje katikati, kitanzi kikae kwenye kile kipengele cha kati, uzungushe kufuata mshale uliochorwa, kila upande kwenye mfereji wake, bila kupishana. Ukipishanisha, uzi huganda kwa joto na hautoki tena. Uzi uliokaa rafuni mwaka mzima ukapigwa na jua hukauka na kukatikakatika. Uloweke kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Nailoni hunywa maji na kurudi kuwa laini.

Cha pili ni kisu, kwa nyasi ngumu zilizokwisha kukomaa na vichaka vyembamba. Chukua cha meno matatu, upana milimita 255, tundu la milimita 25.4. Tundu hilo lipime na flanji ya mashine, kile kitako kinachokishika kisu, kabla ya kulipa, kwa kuwa ziko mashine za tundu la milimita 20, na kisu kinachocheza kwenye flanji ni hatari. Cha meno matatu kina faida moja kubwa: upande mmoja ukiisha makali, unakigeuza. Msumeno wa mviringo wenye vijino vya kabaidi, hata kama unang'aa na una meno 40, usiulete Msabaha. Vile vijino vimebandikwa. Vikigonga tumbawe huchomoka, na vinakoangukia hakuna ajuaye. Cha minyororo, ambacho utakiona kwenye video kikisaga kila kitu, hata usikishike. Mwaka 2012 Umoja wa Ulaya uliamuru vifaa vya aina hiyo viondolewe sokoni baada ya kipande cha mnyororo kuua mtu. Na kisu kilichochongwa kwa chuma cha springi ya gari, au kilichopasuka kikachomelewa, ni chakavu, hata kama fundi anakiapia.

Tukija kwenye injini, hapo ndipo fedha nyingi za watu wa mwambao hupotelea.

Injini ya stroki mbili haina oili yake ndani. Petroli ndiyo inayobeba oili na kuipitisha kwenye krenki na pistoni. Ukiitia petroli tupu, pistoni hukwaruza silinda na kukwama, wakati mwingine kabla tangi halijafika nusu. Ukiitia oili nyingi mno, plagi hujaa masizi na ekzosi huziba. Kwa hiyo afya yake yote iko kwenye mkono wa anayechanganya. Kwako huyo ni kijana leo, wewe kesho, na keshokutwa ni mpwa aliyekuja likizo akaona dumu la petroli ya jenereta. Hii ndiyo sababu nakusukuma kwenye stroki nne: petroli inaingia tupu, ile ile ya gari, na oili inakaa mahali pake.

Mfano unaojulikana ni Honda GX35: cc 35.8, tangi la petroli lita 0.63, oili mililita 100 ya 10W-30. Oili ya kwanza humwagwa baada ya saa 10 za kazi, zinazofuata kila saa 50 au miezi sita. Kupima: weka injini sawasawa, fungua kifuniko, oili ionekane ukingoni mwa mdomo. Usijaze kupita hapo. Ikizidi hutoka moshi na kuloanisha filta ya hewa. Ubaya wake ni bei, uzito unaozidi kidogo, na kwamba oili ikipungua hakuna taa ya kukuonya. Kijana azoee kufungua kile kifuniko kila asubuhi kabla ya kuwasha. Mililita 100 ni chini ya nusu kikombe cha chai. Ikipotea robo tu, ni tatizo.

Ziko stroki nne za China zilizofuata umbo hilo hilo, nyingi zikiwa na alama 139F au 140F kwenye injini. Ya 139F ni cc 31, ya 140F ni karibu cc 38. Zinafanya kazi. Valvu zake zinataka kupimwa mapema zaidi, basi usinunue kwa muuzaji ambaye hana hata gasketi ya kifuniko cha valvu.

Ukilazimika kwenda stroki mbili, chukua cc 43, na jambo la kwanza ni kuujua uwiano. Mashine nyingi za China zinataka 25 kwa 1; Stihl na Husqvarna zinataka 50 kwa 1 kwa oili nzuri. Soma kitabu chake au kifuniko cha tangi, usimuulize mpita njia. Kwa lita 5 za petroli, 25 kwa 1 ni mililita 200 za oili, na 50 kwa 1 ni mililita 100. Kwa lita moja, nenda duka la dawa ununue sirinji ya mililita 20: sirinji moja ni 50 kwa 1, sirinji mbili ni 25 kwa 1. Iandike jina na itundike kwenye dumu. Tia nusu ya petroli, tia oili, tikisa, ongeza petroli iliyobaki, tikisa tena. Kuchanganyia ndani ya tangi la mashine ni kujidanganya. Oili hutulia chini na kuingia yote mwanzoni. Changanya ya wiki mbili tatu tu. Iliyokaa zaidi ya mwezi kwenye joto letu huacha utando kwenye kabureta.

Na oili yenyewe. Hapa Malindi ni mji wa wavuvi, na oili ya mashine za boti haiko mbali na mkono wa mtu yeyote. Ile imeandikwa TC-W3, na imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji ya bahari. Injini ya kufyekea inapozwa na upepo tu, silinda yake huwa moto zaidi sana, na oili hiyo haihimili: ringi huganda na pistoni huchubuka. Kumwendea nahodha akupe mafuta yaliyokwisha kuchanganywa ni vivyo hivyo. Oili ya gari nayo haifai, huacha majivu. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO FC au FD, ya injini za kupozwa kwa hewa.

Kwa nini basi nakataza cc 52? Uzito, kwanza. Ikiwa na tangi lililojaa na kisu, iko kilo 8 au 9, na wewe mwenyewe umesema utaibeba siku nyingine. Pili, hunywa petroli si kidogo. Tatu, nguvu ile ya ziada huitumii kwenye uzi wa milimita 3.0, nyasi hukatwa na kasi ya uzi, si na ukubwa wa silinda. Nne, mara nyingi hata siyo cc 52.

Hili la mwisho unaweza kulihakiki dukani pale pale. Injini nyingi za stroki mbili kutoka China zina alama kama 1E40F-5 au 1E44F-5, kwenye kibati au kwenye mwili wa injini. Hiyo 1 ni silinda moja, E ni stroki mbili, namba mbili zinazofuata ni upana wa silinda kwa milimita, na F ni ya kupozwa kwa hewa. Hizi mbili zote pistoni yake husafiri milimita 34. Upana wa 44 unakupa cc 51.7, upana wa 40 unakupa cc 42.7. Ukikuta kibandiko kikubwa chekundu cha cc 52 na alama ya 1E40F, unauziwa 43 kwa bei ya 52. Kibandiko cha cc 62 juu ya 1E44F ni uongo wa mchana. Hesabu haina urafiki na muuzaji.

Ukiwa bado dukani, iwashwe ikiwa baridi mbele yako. Injini ikitulia bila kushika gesi, kichwa kisizunguke hata kidogo. Kikizunguka, springi za klachi ni dhaifu au kabureta imepandishwa. Zima, shika kichwa, kitikise juu na chini: kisicheze kwenye gea. Hakikisha bomba limenyooka, si lile lililopinda mwishoni, kwa sababu lililopinda lina waya ndani badala ya shafti ya chuma na halibebi kisu. Zile za kubeba mgongoni zenye mpira unaopinda zinawafaa watu wa miteremko; kwako tambarare ni kununua sehemu moja zaidi ya kuharibika. Mkanda uwe wa mabega mawili wenye kipande cha kukinga nyonga, na uwe na kile kibonyezo cha kuachia mashine mara moja hatari ikitokea. Kinga ya plastiki ya karibu na kichwa iwe na kile kiwembe kidogo cha kukatia uzi uliozidi. Watu huing'oa kinga hiyo ili uzi uwe mrefu na kazi iende mbio. Uzi mrefu hulemea injini, klachi huteleza na kuungua, na mawe yote yanakuja miguuni.

Vipuri vya 43 na 52 za China vimejaa kila mahali, hilo nakubali, na ndiyo hoja yao kubwa. Vya mashine halisi za stroki nne huenda ukaagizia Mombasa, kilomita 120 hivi. Kwa hiyo siku ya kununua chukua na filta ya hewa, plagi ya akiba na kamba ya kuwashia. Plagi ya GX35 ni NGK CMR5H, mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.7.

Kuhusu kazi yenyewe. Ukitazama kutoka juu, kichwa huzunguka kinyume cha saa. Mbele yake, nyasi na mawe husukumwa kwenda kushoto. Kwa hiyo unafagia kutoka kulia kwenda kushoto, nyasi ambazo hazijakatwa ziwe kulia kwako, na zilizokatwa ziangukie kushoto kwenye pale palipokwisha. Ukipita njia ya gari, gari na vioo vya nyumba viwe kulia kwako, siyo kushoto. Watu na mifugo wakae mita 15. Gesi iwe juu wakati wa kukata. Nusu gesi huunguza klachi, maana inashika na kuachia bila kukaa sawa. Kwenye tuta lile la nyasi la katikati ya alama za magurudumu, inamisha kichwa kidogo na usikishushe hadi kwenye changarawe. Acha sentimita 4 au 5. Kuchimba hadi udongo hakuzuii nyasi, kunafungua nafasi kwa magugu.

Ukitumia kisu, usikigonge shina kwa upande wa mbele kulia. Fikiria uso wa saa ya ukutani, namba 12 iko mbele yako: kati ya 12 na 3 ndipo kisu hukataa na kuirusha mashine nzima upande wa kulia. Gusa kwa upande wa kushoto. Nati ya kisu ina nyuzi za kinyume, hufunguliwa kwa kuzungushia kulia. Wengi huilazimisha upande usio wake hadi wakaiharibu. Kisu kikiisha makali kinolewe kwa tupa, kiasi sawa kila jino, halafu kitundike kwenye msumari: kikiegemea upande mmoja, hakijawa sawa, na mtetemo wake utamaliza beringi za gea.

Kabla ya hayo yote, mwanzoni mwa masika na kila baada ya upepo mkali, pita kiwanja kwa mguu ukiwa na fimbo. Okota waya, vifuu, chupa. Ile fimbo pia inampa swila nafasi ya kuondoka.

Kuna mimea miwili ya kwetu ambayo kitabu cha mashine hakiitaji. Upupu ukiwa na maganda makavu, usiupige na mashine kabisa. Uzi huyasaga maganda na zile nywele hupeperuka hadi kwa jirani, na wewe ndiwe wa kwanza. Unyunyizie maji kwanza, ukate shina chini kwa panga ukiwa na glavu na mikono mirefu, kisha uufukie. Bora zaidi ni kuufyeka ukiwa bado na maua. Wa pili ni mnyaa, ule wa ua wenye maziwa. Tone la utomvu wake likiingia jichoni ni maumivu makali na jicho laweza kufifia kwa siku kadhaa. Miwani ya wavu haizuii maji. Karibu na mnyaa vaa kinga ya uso ya plastiki safi, na ukirukiwa osha kwa maji mengi safi papo hapo kisha nenda hospitali. Mguu uwe ndani ya buti, na masikio yazibwe hata kama kazi ni ya robo saa.

Injini ikikataa kuwaka, mlolongo ni huu: swichi, mafuta mapya, kibofu cha kusukumia petroli kibonyezwe mara 7 hadi 10, choki ifungwe, vuta hadi ikohoe mara moja, fungua choki, vuta tena. Ukiendelea kuvuta na choki imefungwa baada ya kukohoa, umeifurisha. Toa plagi, swichi ikiwa imezimwa vuta mara kadhaa silinda ipumue, kausha plagi, rudisha. Ikiwaka na kufa ukishika gesi, tazama filta ndogo iliyo ndani ya tangi, halafu wavu wa ekzosi, ambao kwenye stroki mbili huziba kwa kaboni. Fundi akitaka kukaza skurubu ya H kwenye kabureta, ile ya kupimia mafuta ya kasi kubwa, ili ipige kelele zaidi, mzuie: kelele ile ni ya mafuta kupungua, na pamoja nayo oili. Pistoni huungua ikiimba.

Grisi ya gea ya mbele husahauliwa na karibu kila mtu. Kila saa 25 fungua skurubu ya pembeni, tia gramu 5 hadi 10 za grisi ya lithiamu, funga. Gea ikiwa moto kiasi cha kutoshikika, umechelewa. Filta ya hewa ya sponji ioshwe kwa maji ya sabuni, ikamuliwe, ikauke kabisa; kwenye vumbi la kaskazi, kila baada ya siku mbili za kazi.

Halafu kuna chumvi, ambayo haikuachi hata ukiwa mbali kidogo na ufuo. Baada ya kazi futa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, usioshe kwa maji ya kusukuma. Mara moja kwa mwaka vuta shafti nje ya bomba uipake grisi kwenye meno ya ncha zote mbili, la sivyo itashikana na kutu na siku ya kuifungua utaikata. Ikiwa haitafanya kazi zaidi ya mwezi, mwaga petroli yote, iwashe hadi ife yenyewe ili kabureta ibaki tupu, na uitundike ifunikwe gunia. Mfuko wa nailoni hufungia unyevu ndani. Ya stroki nne iwekwe sawa au itundikwe injini ikiwa wima, maana ikilazwa kwa upande oili hutambaa hadi kwenye filta, na siku ya kuiwasha utadhani nyumba inaungua.

Fyeka nyasi zikiwa sentimita 20 hadi 30, usizingoje zifike kiunoni. Masika hiyo ni kila wiki mbili au tatu, na mashine ndogo haitakushinda. Asubuhi yenye umande mzito subiri hadi saa nne. Nyasi mbichi zenye maji hujikunja kwenye kichwa na kujaa chini ya kinga. Na yeyote atakayekwambia umwage oili chafu ya gari kwenye njia ili nyasi zisiote tena, muulize kisima chenu kiko wapi. Matumbawe hayachuji kitu.

Gharama yako igawe hivi: kwanza injini ya stroki nne ya cc 35, kisu kimoja cha meno matatu, vichwa viwili vya uzi, kimoja cha kugonga na kimoja cha kuchomeka, na uzi wa milimita 3.0. Kinga ya uso, buti, glavu na vizibo vya masikio viwe viwili viwili, chako na cha kijana. Kama baada ya hapo fedha zimepungukia, shuka kwenye cc 43 ya stroki mbili na usipunguze kinga.